Nguo ya Bluu ya Perez

Anders, mwalimu Mzungu kutoka Denmaki, alihamia Kisumu mwaka wa 1987, na kila Jumamosi alishinda ufukoni Dunga, kamera shingoni. Alichopenda kupiga, jamani, ni ajabu tupu: mikono ya Perez, mama mchuuzi wa samaki, ikianika omena, wale dagaa wa ziwani, visigino vyake, kivuli chake mchangani. Perez akiinua uso, Anders alimkataza. "Usiniangalie, Mama. Endelea tu na kazi."

"Yawa! Sasa hiyo ni picha gani haina mtu?" Perez alimcheka.

Jumamosi moja Anders alimkuta amevaa nguo ya bluu ya kanisani, amejipaka mafuta, amesimama wima kando ya nyavu za kuanikia. Huko ndivyo watu wanavyopigwa picha: wima, macho mbele, hakuna kuchekacheka.

"Leo nipige mimi mwenyewe, Mwalimu," alisema. "Hii ndiyo watoto wataweka juu ya sanduku langu siku nikienda."

Filamu ilikuwa imekwisha kwenye kamera. Nyingine Anders alikuwa nayo mfukoni, lakini kuitumia kwa picha ya kusimama kama mlingoti? Ubahili tu! Akainua kamera tupu, akabonyeza. Perez alimshukuru sana hata Anders akaona haya. Haya yenyewe, kusema kweli, haikufika jioni.

Mvua za Aprili zilipoanza, malaria ikamchukua Perez. Binti yake, Lornah, akabisha kwa Anders, macho yamevimba kwa kulia.

"Mwalimu, nimekuja kuchukua ile ya nguo ya bluu. Mama alituambia iko kwako. Hana ingine."

Anders akamwaga picha zote mezani. Lornah akapekua mikono, visigino, kivuli, mikono tena.

"Uso wake uko wapi?"

Anders angeweza kusema picha iliharibikia studio. Uongo huo ulishamfika mdomoni, akaumeza. "Kamera haikuwa na filamu," alisema. "Na nilijua." Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lornah hakumtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alichukua picha moja ya mikono, akaenda zake.

Siku ya mazishi mikono ile iliwekwa juu ya jeneza, mahali pa uso, na waombolezaji wakapita wakinong'onezana. Kisha jamaa wakajipanga kando ya jeneza kupigwa picha ya mwisho, wima, macho mbele. Anders akainua kamera.

"Mwalimu," Lornah akamwita mbele ya watu wote, "leo umeweka filamu?"