Banio la Mwisho kwenye Orodha

Jumatatu ya pili ya masika, saa kumi alasiri, Hidaya alishuka mtoni na ndoo mbili. Moja ilikuwa na wali na mchicha wa mume wake. Nyingine ilikuwa tupu, ya kubebea samaki aina ya ningu.

Mume wake, Kibwana, alisombwa na mto huu akiwa na miaka thelathini, akivuka na tenga la nyanya. Tangu hapo kila masika hupanda mto pamoja na samaki, akirudi nyumbani. Nyumba yenyewe iko juu kidogo tu, bati lake linaonekana. Lakini katikati kuna banio, ukuta wa zege uliojengwa na shamba la mkonge ili kugeuza maji. Shamba lilikufa zamani, mfereji umeota magugu, ukuta umebaki kama mgeni asiyejua kuaga. Aliyekufa maji hutembea majini tu, kwa hiyo Kibwana husimama chini ya ukuta, maji kifuani, mpaka mvua ziishe.

"Wavushe hawa," alimwambia mkewe masika ya kwanza. "Wana mayai."

Hidaya amewavusha kila mwaka, ndoo kwa ndoo. Kibwana naye, Hidaya na majirani walijaribu kumvusha kwa kamba, lakini alipotolewa mtoni alianza kumwagika, wakamrudisha.

Mwaka huu ulikuja mradi wa kufungua mito. Bwana samaki, afisa uvuvi kijana aitwaye Twalibu, alifika Jumatatu hiyo na wavu na fomu. Ukuta wenye alama nyingi za kuzuia samaki ungevunjwa kwanza, na uwezo ulikuwa wa kuta tatu tu. Alimsalimu Kibwana kwa adabu, akahesabu samaki chini ya ukuta, kisha akapanda kuhesabu wa juu.

"Mama, huko juu kuna ningu wengi kuliko mito yote niliyopima," alisema. "Kwa fomu hii, samaki wanapita."

"Wanapita kwa ndoo yangu."

"Najua. Ila ndoo haimo kwenye fomu."

"Na huyu je?"

Twalibu alimtazama Kibwana, kisha karatasi. "Hii ni ya samaki, mama."

Banio likawa la thelathini na nane kati ya thelathini na nane. Upimaji mwingine ni baada ya miaka mitano. Kabla ya kuwasha pikipiki, Twalibu alimshauri kwa sauti ya chini aache kuvusha: juu pakiwa patupu, alama zitapanda. Hakuwa mtu mbaya. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Habari ya fomu hawakuisema.

Siku tatu Hidaya hakushuka mtoni. Alikaa jikoni na uchungu wake, akihesabu. Miaka mitano kwa marehemu si kitu. Kwake yeye, mwenye miaka sitini na saba na goti bovu, ilikuwa mingi mno.

Siku ya nne alishindwa, akaenda. Ningu walikuwa wamebanana ukutani, mayai yakiwatoka na kuzolewa na maji. Kibwana alikuwa amewakinga kwa mikono yote miwili wasipigwe na zege. Aliinua uso, kijana wa miaka thelathini bado, akamtazama mwanamke mwenye mvi aliyesimama ukingoni na ndoo. Alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," aliitikia Hidaya, akainama kuchota samaki.