Kumi za Jarmo

Kazi yangu ni kuwasimamisha watu waliobadilishiwa goti. Mgonjwa anasimama kwa mguu uliopasuliwa, ananyanyua ule mwingine, nami nahesabu kwa saa. Akifika sekunde kumi, anarudi kwake. Asipofika, anapelekwa wodi ya mazoezi kule Iisalmi, wiki tatu. Ni kazi ya dakika mbili, na mwezi ule ilinitia kinyaa hadi nikaacha kunywa kahawa na wenzangu, jambo ambalo kwetu mkoani Savo ni sawa na kutangaza vita.

Kilichonichefua ni kumi za mwenzangu Jarmo. Nilifungua majalada ya wagonjwa wake arobaini, nikakuta kumi, kumi, kumi. Hakuna tisa, hakuna kumi na tatu. Niliyafungua kwa sababu mmoja wao, mzee Pentti, alikuwa amerudishwa kwetu na nyonga iliyovunjika. Aliteleza kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna yake, bafu la mvuke la nyumbani, siku ya pili tu baada ya sisi kumruhusu.

Nilipomwuliza, Jarmo hakuona hata haya. Alisema huwa anawapima wakiwa wamevaa raba, kidole kikigusa reli ya kujishikia ukutani, ili wasiogope. Nchi nzima tunavua viatu mlangoni na kutembea kwa soksi za sufu juu ya mbao zilizong'arishwa, halafu hospitalini tunampima mtu akiwa na raba ya soli nene. Na ukimwuliza mgonjwa kama yuko imara, atakwambia inakwenda tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tumegeuza kuficha kuwa adabu, na Jarmo akaiandika adabu hiyo kwenye majalada.

"Fomu haisemi habari za viatu," aliniambia huku akitafuna andazi la iliki. "We umekuja kupima au kukamata wezi?"

"Pentti kavunjika nyonga, Jarmo."

"Pentti alikuwa amelewa. Funika kombe mwanaharamu apite, bwana."

Makombo yalikuwa yamemganda ndevuni.

Alhamisi Jarmo hakuwapo, nikapewa mgonjwa wake mmoja nimkague kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa Hilkka Tuovinen, miaka sabini na minane, aliyefuga ng'ombe maisha yake yote. Jaladani aliandikiwa kumi. Alinieleza mambo yake bila kulalamika, huku akikunja taulo. Mumewe, Veikko, amepoteza kumbukumbu, na wakati wa upasuaji aliwekwa kwa muda kwenye makao ya wazee. Hilkka asipokuwa nyumbani Jumatatu kumpokea, Veikko angehamishiwa makao ya kudumu, kilomita mia na ishirini kutoka kwao.

Ningeweza kumwacha na kumi yake. Nikamwambia avue raba.

Alinitazama, akavua. Nikamwambia aachie reli. Akasimama kwa soksi zake za kijivu, na sekunde ya nne mguu wa pili ukagusa sakafu.

"Tena," akasema.

Tano. Tatu. Nne. Nilimwomba apumzike, akakataa. Jasho lilimtiririka shingoni, goti likavimba mbele ya macho yangu, bandeji ikalowa maji ya manjano. Nilichukia kuwa pale nimeshika saa. Mara ya saba aliniangukia begani.

"Mwenzio alinipa kumi," alisema.

"Alikupa ukiwa na raba na reli."

"Basi ntavaa raba ndani."

"Na usiku ukiamka kwenda chooni? Na Veikko akikushika mkono, halafu ayumbe?"

Veikko ana kilo tisini na tano, na Hilkka ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Niliandika nne. Daktari alitia saini bila kuinua macho. Nilidhani nitajisikia msafi, lakini wapi. Kinyaa kilikuwa kile kile, ila sasa kilikuwa cha kwangu mwenyewe. Watu arobaini walipita kwa uongo, na wa kwanza kuambiwa ukweli akawa huyu mama. Jarmo aliporudi, alisoma jalada akacheka. Akaniambia nimempokonya bibi mumewe ili nimkomoe yeye Jarmo. Nilimjibu kwa ukali, lakini moyoni sikuwa na hakika kwamba amekosea.

Ijumaa gari la Iisalmi lilikuja. Hilkka, akiwa ameshavaa koti, alinipa mkono na kunishukuru kwa kazi nzuri, kama desturi yetu ilivyo. Afadhali angenitemea mate. Kisha akatoa kikaratasi chenye namba ya simu ya makao aliko Veikko.

"Mimi siwezi," alisema. "Mpigie wewe, mwanangu. Mwambie Jumatatu sirudi."

Nilipiga nikiwa nimesimama kwenye korido. Veikko alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamsikia akilia, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua jirani. Akapenga kamasi. Halafu, kwa sauti ya furaha kabisa, akaniuliza Hilkka wake atafika saa ngapi Jumatatu.

Nikamwambia upya, naye akalia upya.