Kitu Kingine Kinachofanana Nayo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepigiwa simu na kishikio cha droo. Sikushangaa. Nilikereka tu, kwa sababu ndotoni ilikuwa Ijumaa jioni na nilikwishafunga ofisi.

"Nani mwenzangu?" nikauliza.

"Mimi ni kishikio cha droo yako ya tatu. Unaitwa kwenye kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha karatasi uliyompa Fundi Shekalaghe."

"Piga Jumatatu."

"Jumatatu reli zitakuwa zimeshapakwa rangi," kikasema, kisha kikakata simu.

Karatasi hiyo naijua. Kazi yangu ni kupanga na kupamba nyumba za watu kwa ndani, hapa Tanga, na kila kabati ninalolichora huenda kwa fundi na karatasi yake. Mafundi huiita karatasi ya finishingi. Humo kila chuma kitakachoonekana kimeandikwa ni cha aina gani, king'ae au kififie, kipakwe nini au kiachwe kitupu.

Hii ilikuwa ya kabati la vitabu la Mwalimu Nakijwa. Mama huyo alitunza maktaba ya shule kwa miaka thelathini, sasa amestaafu, na macho yanamfifia. Daktari amemwambia asitegemee kuona zaidi ya mwaka mmoja. Vitabu vyake vyote vimo kwenye maboksi, vinasubiri kabati. Aliniomba jambo moja tu: mbele ya kila rafu ipite reli ya shaba ya manjano. "Shaba yenyewe, mwanangu. Tupu. Usiipake hata vanishi." Akanieleza na sababu. Wakati anaieleza, mimi nilikuwa natafuta kalamu.

Basi nikaandika: shaba ya manjano, isiyopakwa kitu. Halafu chini yake, kama ninavyofanya kwenye kila karatasi kwa miaka kumi na moja sasa, nikaongeza: au kitu kingine kinachofanana nayo kwa macho. Mstari huo nautia bila kufikiri. Unanipunguzia simu za mafundi walioambiwa dukani hakuna. Na Fundi Shekalaghe shaba hakuwa nayo. Alikuwa na kopo la rangi ya dhahabu ya kupuliza, na alisema ataanza kazi Jumamosi saa mbili asubuhi.

Turudi ndotoni.

Nageuka nimlalamikie mume wangu, Theobadi, na ofisi imekuwa sebule yetu. Theobadi amekaa mezani na shati lake la mistari. Kimo ni chake, kipara ni chake. Ila amekaa kimya sana, na anang'aa kidogo shingoni.

"Theo, kishikio kimenipigia simu."

"Mimi si Theo," akasema kwa upole. "Theo hakupatikana. Mimi ni kitu kingine kinachofanana naye kwa macho."

"Nani amekuruhusu?"

Akanionyesha karatasi. Mwandiko ni wangu.

"Theo mwenyewe yuko wapi?"

"Wanasema labda mwezi ujao. Karibu chai."

Nikainywa. Haikuwa chai, yalikuwa maji yenye rangi ya chai. Nikaketi, na kiti kikabonyea, maana kilikuwa boksi lililochorwa kiti. Nikatazama juu nikaona mtu amechora paa vizuri sana, hadi misumari, juu ya kitambaa. Mvua ikaanza kunyesha. Jamani, niliudhika! Kumi na moja, miaka kumi na moja nawafokea mafundi kwa kazi ya kulipua, na leo nalowa ndani ya nyumba yangu kwa sahihi yangu mwenyewe.

"Kikao kiko wapi?" nikamuuliza huyo mtu.

"Droo ya tatu."

Nikafungua droo ya tatu, nikaingia. Ndani kuna ukumbi wa serikali, wenye madirisha ya vyuma na benchi ndefu, na vyuma vimepanga foleni. Kromu anajitazama kwenye mgongo wa aliye mbele yake. Stenlesi amevaa glavu, hataki kuguswa. Rangi ya unga, ile inayookwa juu ya chuma, anakohoa, na kila akikohoa anaomba radhi. Dirishani ameketi Tepu, ile tepu yangu ya kupimia ya mita tano, amejikunja, anatoa ulimi kidogo kidogo akiongea.

Kopo la rangi ya dhahabu linapita pembeni ya foleni bila haya.

"Panga foleni!" nikalifokea.

"Mimi ni shaba," likasema.

"Wewe ni kopo."

"Nipulize uone."

Likajipuliza ukutani. Ukuta ukawa wa dhahabu. Tepu akautazama kutoka mbali, akautazama kutoka karibu, akatoa ulimi nusu mita kisha akaurudisha.

"Kwa macho, ni shaba," akasema. "Imepita." Akagonga muhuri.

"Lakini siyo shaba!"

"Dada, hapa tunasoma karatasi. Karatasi imesema kwa macho. Ingesema kwa pua, tungenusa." Kisha akaita, "Anayefuata!"

Hapo nilitaka kumvuta ulimi wote mita tano nimfunge nao. Lakini nilipopeleka mkono, dirisha likawa dirisha la nyumbani kwa Mwalimu Nakijwa, na mimi nimesimama sebuleni kwake, na kabati limekwisha.

Ni zuri. Nasema kweli, hata ndotoni lilikuwa zuri. Mbao za mvule, rafu saba, reli saba za dhahabu zisizo na doa. Mwalimu amesimama mbele yake, amefumba macho. Mkono wake wa kulia unapita kwenye reli ya nne, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Unafika mwisho. Unarudi. Unaanza tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fausta. Mwanangu, hapa nimesimama wapi?"

"Mbele ya kabati lako."

"Hilo najua. Sehemu gani?"

Nikaitazama reli, mwanzo hadi mwisho ni ile ile. Mkono wake ukapita tena.

"Kule shuleni reli zilikuwa za shaba," akasema. "Watoto miaka thelathini wanashika. Penye hadithi palikuwa laini mpaka panateleza, na joto, maana pale mikono haikauki. Penye historia palikuwa laini nusu. Penye kamusi shaba ilikuwa imechafuka, ina vijipele, hakuna aliyeshika isipokuwa siku ya mtihani. Umeme ukikatika nilikuwa nampa mtoto kitabu chake bila kuwasha mshumaa. Nikataka na hapa nianze kuishika sasa hivi, wakati bado naona, ili mwakani mkono uwe umeshajifunza njia." Akagonga reli kwa ukucha. "Hii nimeshaishika tangu asubuhi. Pote ni sawasawa."

"Hukuniambia, Mwalimu."

"Nilikuambia. Ulikuwa unatafuta kalamu. Ilikuwa nyuma ya sikio lako."

Nikapeleka mkono nyuma ya sikio. Kalamu ipo. Nikaona haya hadi machozi yakanitoka, na haya yangu yakageuka hasira, kama kawaida yangu, ila mara hii sikuwa na mtu wa kumfokea. Mwalimu akachomoa kitabu kwenye rafu. Kilikuwa mgongo tu, ubao uliochorwa jina. Akachomoa kingine. Ubao. Alivirudisha vyote, kila kimoja mahali pake, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Nipe hiyo karatasi," nikamwambia yule mfano wa Theobadi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akanipa. Nikaufuta mstari kwa kalamu, wino ukakataa kutoka. Nikaukwangua kwa ukucha.

"Imepigwa muhuri," likacheka kopo kutoka juu ya kabati.

"Toka huko juu!"

"Mimi ndiye niliyeidhinishwa. Toka wewe."

Ndipo nikasikia kitu kinafurukuta mfukoni mwangu. Ni kile kipande cha shaba cha sampuli, urefu wa kidole, ninachowaonyesha wateja bila kukitoa kwenye nailoni. Uso wake umekunjamana kwa hasira.

"Miaka mitatu!" kikasema. "Miaka mitatu unawaambia watu nimekaa vizuri mkononi, na hakuna mkono ulionigusa, hata wako! Chana nailoni."

Nikachana.

"Sasa nisugue. Na dole gumba, siyo na kitambaa. Sugua mpaka uchafuke."

Nikasugua. Dole gumba langu la kulia, lile lenye kovu la kisu cha kukatia karatasi za ukutani, likawa jeusi, kisha kijani kidogo. Harufu ikapanda puani.

"Haya, uelekee mstari wako."

Nikaweka dole kwenye mstari, nikabonyeza. Maneno yakaanza kulia kwa sauti nyembamba. "Fausta! Sisi tumo kwenye kila karatasi yako! Nani atakutetea dukani wakikosa kitu?"

"Nitapiga simu maduka yote," nikasema. "Nitaenda mwenyewe."

"Utachoka!"

"Nimeshachoka."

Nikasugua. Yakatoka: kwa macho yakatangulia, kisha kinachofanana nayo, kisha kitu kingine, na mwisho ile au, iliyong'ang'ania peke yake kama kupe. Kopo likaanguka kutoka juu ya kabati, likaviringika hadi mlangoni. Mtu wa birika akabanduka rangi ya shavu.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe rudi dukani."

Akainama kwa heshima, akaondoka na birika langu.

Nikaamka.

Jua limeshaingia chumbani. Theobadi wa kweli amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kwa namna ambayo hakuna fundi anayeweza kuiga. Sijawahi kufurahia mkoromo kama ule. Nikamshika shavu. Akafungua jicho moja, akakunja pua.

"Fausta, mkono wako unanuka sarafu."

"Nenda zako."

"Kweli. Ulishika nini?"

Sikuwa nimeshika kitu. Kile kipande cha shaba kiko ofisini, kwenye droo ya tatu, na ofisi ina kufuli. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro dakika nne. Nikakurupuka nikampigia Fundi Shekalaghe. Nyuma yake nikasikia ile sauti ya kigololo kinachogonga ndani ya kopo linalotikiswa.

"Fundi, shikamoo. Usipulize! Shaba nitaitafuta mimi, hata kama ni kuifuata Dar es Salaam. Ule mstari wa mwisho kwenye karatasi, ufute."

Kigololo kikanyamaza.

"Marahaba, dada. Mstari upi?"

"Wa mwisho. Ule unaoanza na au."

Nikasikia karatasi inakunjuliwa.

"Mbona mimi jana niliuona, na leo siuoni?" akasema polepole. "Baada ya shaba isiyopakwa kitu hakuna neno. Pana alama ya dole tu, ina ukijanikijani. Nimewauliza vijana wote hapa nani ameshika karatasi yangu kwa mkono mchafu. Wote wanakataa."

"Labda ni lako mwenyewe, Fundi."

"Siyo langu, dada. Hili lina kovu katikati."