Unavuta Tu

Katika chumba kile mguu haukuwahi kumuuma mtu. Ulivuta, ulikaza, ulikuwa mzito kidogo, ulisumbua asubuhi, lakini kuuma, hapana. Wakimbiaji waliingia wakichechemea, wakapanda kitandani kwa kuuma meno, na wakiulizwa walijibu kwa uso mkavu, "Unavuta tu, Mama." Mama Gumba alikuwa ameisikia hiyo "unavuta tu" hadi ikamtokea puani. Siku za karibuni aliuliza kwa mazoea tu, bila kungoja jibu. Alimimina mafuta kiganjani akaanza kazi.

Kazi yake ilikuwa kuchua misuli. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya uwanja wa riadha, chini ya ngazi za watazamaji, na upande wa dirishani dari ilishuka mpaka mtu mzima akalazimika kuinama. Vitanda viwili vilivyochanika pembeni, pazia katikati, ndoo ya taulo chafu, na harufu ya mafuta iliyoingia hadi kwenye chai. Nyuma ya pazia alifanya kazi Mrefu, mtaalamu wa viungo, kijana aliyewafundisha majeruhi kuvuta mipira na kusimama kwa mguu mmoja, naye kwa urefu wake alishinda siku nzima kapinda shingo.

Lakini mwenye jina alikuwa Mama Gumba, na jina lilitokana na kidole gumba cha mkono wake wa kulia. Wakimbiaji walisema kidole kile kina macho. Kikipita juu ya mguu kinajua pamekaza wapi, pamechanika wapi, na mwenye mguu anadanganya wapi. Makocha waliokuwa wakibishana na kila mtu, hata na wake zao, walinyamaza wakiambiwa kwamba Mama Gumba kasema ni msuli.

Na sasa kidole hicho kilikuwa kimekufa.

Kilianza kwa kumuamsha alfajiri, kinawaka moto, naye akikaa kitandani akikung'uta mkono kama aliyetoka kunawa. Baadaye maumivu yakaisha ikabaki ganzi, na yeye, badala ya kuogopa, akashukuru. Mwanamke huyo huyo aliyewafokea watu maisha yake yote kwamba maumivu kunyamaza si kupona! Vikombe vilimponyoka. Vifungo vya gauni vilimshinda, akahamia magauni ya kuvaliwa kichwani. Siku moja Mrefu alimuuliza, "Mama, mkono vipi?" naye akajibu bila hata kupepesa, "Umekaza tu." Kwa uongo huo angestahili medali.

Alificha kwa sababu hakujua kazi nyingine, na nani angemfuata Mama Gumba asiye na gumba? Basi akaendelea kuchua kwa mazoea. Macho yalimwonyesha pa kushika, mkono ukafuata njia ulizozizoea, na watu wakashuka kitandani wakisema ahsante. Kila jioni alirudi nyumbani hoi, si kwa kazi tu, bali kwa kuigiza kazi.

Alasiri ile ilikuwa imebaki siku moja tu katikati kabla ya mbio za mchujo, na kila mwenye miguu alikuwa ameitaka siku hiyo hiyo. Foleni ilipokwisha, Mama Gumba alikuwa amesimama hadi miguu yake mwenyewe imevimba. Alikuwa anakunja taulo ya mwisho aliposikia hatua kwenye korido: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi. Zilipokaribia mlango zikawa sawa ghafla.

Akamjua. Ni Kiguu, binti wa kaka yake. Jina alipewa utotoni kwa kuwa kiguu na njia, mtoto wa kutumwa chumvi dukani akaonekana mtaa wa tatu. Sasa alikuwa msichana mzima, mkimbiaji wa mbio ndefu, na akishinda mchujo angeingia kambi ya timu ya taifa. Baba yake alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kana kwamba mbio zimekwisha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona kwenye korido nimesikia mguu mmoja tu?"

"Wa pili nimeuacha nyumbani upumzike."

Mama Gumba alicheka kwa pua. "Panda. Unauma?"

"Unavuta tu."

Alimlaza, akampaka mafuta, akaanza na shavu la mguu. Mguu huo alikuwa ameuchua mara nyingi wiki zile. Kila mara Kiguu alipata nafuu ya siku moja, kisha mguu ukarudi kuvuta. Siku ya kwanza Mama Gumba alisema ni msuli, akaishia hapo. Zamani angemshusha kitandani, angemfanyisha hili na lile kabla ya kusema neno. Lakini siku ile foleni ilikuwa ndefu, mwili umechoka, na neno "msuli" lilikuwa jepesi mdomoni.

Alipofika kwenye ugoko, mkono wa kulia ukagoma. Vidole vilijikunja vyenyewe. Akajifanya anapanga taulo, akaukung'uta mkono chini ya kitanda, kisha akaendelea kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa mbumbumbu. Miaka yote kazi yake ilikuwa kushikilia mguu usiteleze.

Hicho mbumbumbu ndicho kilichoona. Upande wa ndani wa ugoko, juu ya mfupa wenyewe, palikuwa na kiuvimbe chenye joto, kisichozidi punje ya harage. Alipopagusa, Kiguu alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Nini?"

"Mafuta ya baridi."

"Mafuta nimeyapasha kiganjani." Sauti ya Mama Gumba ilikuwa imebadilika. "Shuka. Simama kwa mguu huo huo. Ruka."

"Shangazi, nitajichosha bure na kesho kutwa nina mbio."

"Ruka, nimesema."

Kiguu aliruka, akatua kwa mguu mwingine. Wakatazamana. Pale pale, siku baada ya siku, kidole chake cha kulia kilikuwa kimepita, tena kwa nguvu.

"Huo si msuli," alisema. "Mfupa umeanza kufanya ufa. Kesho asubuhi unakwenda hospitali kupigwa picha. Na mchujo hukimbii."

Kiguu alicheka kwanza, kama mtu aliyeambiwa utani mbaya. Kisha akaona shangazi yake hacheki. "Si wewe uliyesema msuli? Umelisema kila nilipokuja!"

"Sasa nasema mfupa."

"Umechoka, Shangazi. Na umetumia mkono wa kushoto, nimeuona." Akapanda tena kitandani, akanyoosha mguu. "Weka cha kulia. Cha kulia kikisema mfupa, naenda nyumbani namwambia Baba, sibishani. Kikisema msuli, nakimbia."

Nyuma ya pazia, mpira uliokuwa ukivutwa ulinyamaza.

Mama Gumba aliona njia ya kupita. Angeweka kidole, angesema "mfupa," mtoto angepona, na jina lingebaki. Alifuta mafuta, akaweka gumba la kulia pale macho yake yalipomwambia, akabonyeza, akatikisa kichwa kitaalamu. "Mfupa," alisema. "Umesikia mwenyewe."

"Hapo sipo," alisema Kiguu.

"Nini?"

"Umebonyeza pembeni. Hapo hapana kitu kabisa." Uso wake ulichangamka kwa furaha. "Unanitisha tu! Umesema mfupa na hata hujafika. Ni msuli, Shangazi. Wewe unaogopa tu." Alikuwa ameshaanza kutafuta viatu.

Mama Gumba akabaki na kidole hewani. Kiatu cha kwanza kikaingia mguuni. Akaona kwamba mtoto huyu atakimbia, mfupa utakatika mbele ya baba yake na mtaa mzima, na watu watasema Mama Gumba ndiye aliyemruhusu. Lakini hilo la watu lilipita haraka. Lililobaki lilikuwa ule mguu.

"Sijafika kwa sababu sisikii," alisema.

"Husikii nini?"

"Sisikii kitu. Ngozi sisikii, msuli sisikii, mfupa sisikii. Kidole kimekufa, mwanangu. Kitambo."

"Usinifanyie hivyo." Kiguu alimtazama kwa hasira. "Kila mtu uwanjani anajua kidole chako. Unasema hivyo ili nisikimbie."

Kando ya mkoba wa Kiguu ilikuwa namba ya kubandika kifuani, imetoka kuchukuliwa mchana huo, pamoja na pini zake. Mama Gumba alichukua pini moja, akaifungua, akaichomeka kwenye nyama ya kidole gumba cha kulia, taratibu, hadi tone la damu likatokeza. Uso wake haukutikisika. Alikiinua kidole ili mtoto aone.

Kiguu aliacha kiatu cha pili. "Kinauma?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakiumi."

Miaka yote hiyo, huyo ndiye mtu wa kwanza kusema neno hilo chumbani mle akiwa anasema kweli.

Akachomoa pini, akaiweka juu ya namba. "Nimepita juu ya ufa huo kila ulipokuja. Nimeukandamiza, nikakwambia msuli, kwa sababu niliona aibu kusema nimeishiwa. Nisamehe."

Kiguu alikaa ameinama, kiatu kimoja mguuni, akiitazama ile namba. Midomo ikaanza kumtetemeka, akaiuma, ikamshinda.

"Unauma," alisema. "Shangazi, unauma. Hata shuka likiugusa unauma. Nikipanda ngazi nyumbani nasubiri wote waingie ndani kwanza." Akalia kwa kwikwi, kama alivyokuwa akilia utotoni akirudishwa kutoka mtaa wa tatu. Mama Gumba alimkumbatia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amechoka mno kubuni faraja ya uongo.

Pazia likavutwa. Mrefu alisimama hapo, shingo imepinda chini ya dari, mpira bado mkononi. Hakujifanya kwamba hakusikia. Aliuangalia mguu, akaiangalia damu kwenye kidole.

"Mama," alisema, "mkono vipi?"

Mama Gumba alifungua mdomo, na lile jibu la siku zote likaja lenyewe hadi kwenye ulimi. Akalimeza.

"Umekufa ganzi, baba," alisema. "Na mimi nimechoka."

Kiguu alijifuta uso kwa kiganja chenye mafuta, akashuka kwa mguu mzima, akaitandaza upya taulo kitandani.

"Panda wewe sasa, Shangazi," alisema.