Nimepokea Yote

Katika miaka ishirini na miwili ya kuandika daftari la redio nimeandika uongo mara moja tu, na uongo huo ulimuua kaka yangu. Nalisema mapema usije ukaanza kunihurumia njiani.

Mimi ni fundi saa. Kazi yenyewe iko kitandani inasubiri kufa, kila mtu anatazama saa kwenye simu, ila wapo wazee wachache ambao bado wananiletea saa za ukutani. Kaka yangu alikuwa mwalimu wa fizikia, mstaafu, mgane, akiishi peke yake katika nyumba aliyotuachia baba, ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa gari. Kule simu haishiki mtandao mpaka upande kilimani, kwa hiyo redio ndiyo iliyokuwa simu yetu. Tulikuwa na leseni, kila mmoja na jina lake la hewani, na tuliongea kwa nukta na vistari, milio mifupi na mirefu badala ya herufi. Alinifundisha tukiwa watoto kwa kugonga kijiko mezani, baba amekaa hapo hapo anakula, haelewi kuwa anasengenywa.

Wenye redio wengi hutafuta nguvu zaidi. Sisi tulitafuta pungufu. Mtambo wa kaka, aliouunda mwenyewe ndani ya kopo la biskuti, ulikuwa na wati tano ukiufungulia mpaka mwisho, na hizo ni kidogo kuliko taa ya chooni. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alipunguza nguvu kidogo, akagonga jina lake la hewani mara tatu, kisha sentensi moja. Mimi nasikiliza. Nikiipata naiandika, nampigia "nimepokea yote", tunazima. Mwisho wa mwezi nakwenda kwake tunalinganisha madaftari, neno kwa neno, chai pembeni. Sheria zilikuwa mbili: akiongeza nguvu, ameshindwa yeye, nikiomba arudie, nimeshindwa mimi. Mwaka aliofariki alikuwa ameshuka mpaka anarusha kwa vibetri vya saa za mkononi, ninavyompelekea mimi kutoka dukani.

"Watu wenye akili wanashindana kwa sauti," mke wangu alikuwa akisema. "Ninyi wazee wazima mnashindana kunong'ona."

Jambo ambalo sikumwambia yeye wala kaka ni kwamba masikio yangu yalikuwa yanakwenda. Nilianza kwa kutosikia mdundo wa saa ndogo za kike, nikasingizia saa. Kisha ikawa mvua, kisha wateja wenye sauti nyembamba. Kaka alikuwa amenitania: "Siku utakayoniomba nirudie, mdogo wangu, tutafunga mchezo, nitajua umezeeka kuliko mimi." Ulikuwa utani tu. Lakini bila mchezo ule tungebaki na nini? Tangu mkewe afariki hakuwa mtu wa maneno. Nyumbani kwake aliweza kukaa na wewe kutwa nzima asiseme zaidi ya "karibu chai". Hewani alikuwa yule yule wa kijiko mezani, na mimi sikutaka kumpoteza huyo.

Ijumaa moja ulipiga upepo uliong'oa mabati ya jirani yetu. Jumamosi saa nne nikavaa spika za masikioni. Mvumo, mikwaruzo, mvumo. Kisha, chini kabisa ya mvumo, kitu kama mtu anayekuna ukuta kwa ukucha: jina la hewani la kaka. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Nilicheka peke yangu. Nilijua ameshuka chini kuliko siku zote, labda amefika pale alipokuwa akipaota, na moyo wangu ulijaa fahari kwa ajili yake.

Kisha ikaja sentensi, ndefu kuliko kawaida, na sikupata hata neno moja. Nukta hapa, kistari pale. Nilibana spika masikioni kwa mikono miwili. Ikaisha. Kimya. Alikuwa ananisubiri.

Ningegonga neno moja tu, "rudia". Wala haligharimu kitu. Badala yake nikapiga: "Nimepokea yote." Nilipiga kwa nguvu zote za mtambo wangu, maana anayejibu anaruhusiwa. Yeye akagonga kitu kifupi, nadhani ahsante, nikazima. Mwisho wa mwezi, niliwaza, nitaumwagia chai ukurasa ule. Daftarini nikaandika: "Ishara hafifu mno. Rekodi mpya. Imepokelewa yote."

Nilipotoka, mke wangu alikuwa mlangoni na jirani yetu mwenye pikapu.

"Shemeji anasemaje?" akaniuliza. "Huyu bwana anakwenda upande ule sasa hivi. Kama ana shida yoyote apitie."

"Mzima," nikasema. "Anakusalimu."

Pikapu ikaondoka. Nikaenda dukani, nikamsimulia kila mteja aliyeingia kuwa kaka yangu anaongea kwa umeme usiotosha kumwasha kimulimuli.

Jumanne mchana akanipigia mama anayemuuzia kaka mayai. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, anahema. "Baba, njooni," alisema. "Mwalimu tumemkuta chini. Njooni tu." Mtu akikuambia "njooni tu" huna haja ya kuuliza.

Tulikwenda na pikapu ile ile. Ngazi ilikuwa imelala uani, na waya wa antena umejinyoosha kwenye majani toka mgomba mpaka ukutani. Upepo wa Ijumaa ulikuwa umeuangusha, na Jumamosi asubuhi alikuwa amepanda kuufunga tena, peke yake, ili asikose saa nne yetu. Kutoka kwenye ngazi mpaka sebuleni kulikuwa na mburuzo wa mtu aliyejivuta kwa viwiko. Komeo la mlango wa mbele lilikuwa wazi. Kaka alikuwa sakafuni ameegemea kabati, na kopo la biskuti mapajani.

Waya ulioanguka chini hautupi sauti mbali. Hilo analijua kila anayeshika redio. Nilikaribia nikatazama kitufe cha nguvu. Kilikuwa kimezungushwa kulia mpaka mwisho. Haukuwa mnong'ono ule. Alikuwa ameunganisha betri kubwa, ananipigia kelele kwa wati zote tano.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Daftari lilikuwa chini ya mkono wake. Kalamu ilikuwa imekwenda upande upande lakini ulikuwa mwandiko wa mwalimu, hata tarehe amepigia mstari.

"Jumamosi, saa nne. Nimerusha: Nimeanguka nyonga imevunjika siwezi kusimama njoo na gari. Nguvu zote. Leo nimeshindwa mimi.

"Saa nne na dakika nane. Mdogo wangu amepokea yote. Nimefungua komeo la mbele asihangaike.

"Saa nane. Nimemwita, kimya. Yuko njiani.

"Saa kumi na mbili. Kiu. Huenda upepo umeangusha miti barabarani.

"Jumapili. Nimeita tena saa nne. Kimya. Kama amepata ajali akinijia, Mungu anisamehe kwa kumwita.

"Jumatatu. Asilaumiwe. Alipokea, atakuja."

Baada ya hapo kulikuwa na mistari miwili isiyosomeka. Watu walikuwa wanatafuta shuka la kumfunika, jirani mwenye pikapu amevua kofia, na mimi nimekaa sakafuni na daftari, nikisoma "atakuja" kama mtu anayejifunza kusoma.

Mke wangu akachuchumaa karibu yangu. Alisogeza mdomo sikioni na kupaza sauti, nikajua alikuwa anajua habari za masikio yangu siku nyingi.

"Ameandika nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie, "Anakusalimu." Neno lilikuwa tayari pale pale ulimini, limezoea njia. Nikampa daftari. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka chini. Kisha akarudi juu akaisoma tarehe.

"Jumamosi," alisema. "Pikapu ilikuwa mlangoni."