Vigae Vyeupe vya Faris

Kakaangu Faris anakaa Riyadh, mtaa wa Malaz, huko ambako nguo ukianika inakauka kabla hujamaliza kuzibana nyingine. Sisi tuko Jeddah. Hapa ukifika mwezi wa Agosti unyevu unakukaa shingoni, na ukiegemeza mkono ukutani unautoa umerowa. Nimemweleza Faris jambo hili miaka nenda miaka rudi, naye kila mara hunijibu ati Ibtisam unapenda kulalamika.

Mama yetu, Bi Zuwena, siku nzima yuko kibarazani. Kibaraza chetu kina paa na wavu wa mbu pande tatu, na pembeni upo mfereji wa maji ya bomba anapotawadhia. Hapo ndipo anaposali, anapochambua mchicha, anapopokea wageni wake. Marehemu baba alikijenga alipokuwa karani bandarini, na Mama anasema hatoki katika nyumba ile ila kwa jeneza. Faris yeye ametaka kumhamishia Riyadh tangu baba afariki. Mwaka jana Mama alijikwaa kwenye zulia la kibarazani lililooza, akaumia nyonga, na Faris akatoa hukumu: akianguka tena, halas, anakwenda Riyadh. Kwa hiyo msinione mwendawazimu nikisimulia habari za sakafu.

Zulia tulilitupa, lilikuwa linanuka ukungu hata ukilianika juani. Mbao sikutaka hata kuzisikia. Jirani yetu aliweka zile za kubandika, zikavimba kwa unyevu na kunyanyuka pembeni. Nikazunguka madukani mpaka miguu ikawaka moto, nikapata vigae vya kauri visivyong'arishwa, vyenye kukwaruza kidogo, ambavyo mguu uliorowa unavishika. Havinywi maji, haviozi, unapiga brashi na sabuni basi. Rangi yake kijivu, sikatai. Nilileta kimoja nyumbani, Mama akakipapasa kwa nyayo, akasema kitamfaa.

Nikampelekea Faris picha. Akacheka. Alisema vigae vile vinawekwa gereji, na watu watasema watoto wa Bi Zuwena wamemwekea mama yao sakafu ya kuoshea magari. Yeye alikuwa keshachagua vyake huko Riyadh: vyeupe, vinang'aa mpaka unaiona sura yako, vina mishipa ya rangi ya dhahabu. Nikamuuliza, na utelezi je? Akanijibu kwamba amevipima mwenyewe. Alimwambia mwenye duka amwage maji, akapita juu yake kwenda na kurudi, hakuteleza hata kidogo.

"Ulipita na viatu au miguu mitupu?" nikamuuliza.

Alipita na viatu. Nani anavua viatu dukani? Lakini kwetu viatu vinabaki nje kwenye ngazi, hakuna mtu anayekanyaga kibaraza navyo, na Mama hutoka mferejini miguu inachuruzika maji. Nikamweleza yote hayo kwa upole, upole ambao sina. Akasema yeye ndiye mkubwa na mzigo umeshapakiwa.

Nilitegemea Mama atasema neno. Wapi! Vigae vilipowekwa akasahau kabisa kwamba aliwahi kukipapasa kile cha kijivu. Aliketi akivitazama, akawapigia simu shoga zake waje waone alivyofanyiwa na mwanawe. Miaka yote hii nampikia, namsugua mgongo, nampeleka hospitali, hajampigia mtu simu kwa ajili yangu. Iliniuma, na nasema wazi kuwa iliniuma.

Nikatandika mpira wa kuzuia utelezi kutoka mferejini hadi kwenye msala wake wa kusalia. Mama akaukunja, ati unaficha uzuri. Nikautandika tena, akaukunja tena, mpaka tukanuniana.

Akaanguka alasiri moja ya Septemba akitoka kutawadha. Mimi nilikuwa jikoni, nikasikia kishindo. Hewa siku ile ilikuwa nzito, na vigae vilikuwa vimetoka jasho vyenyewe. Nyonga ile ile. Namshukuru Mungu haikuvunjika, ila daktari alisema hatasimama upesi.

Tulikuwa tumesharudi nyumbani Faris alipowasili kwa ndege. Alisimama mbele ya kitanda cha Mama, akauliza imekuwaje. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka alisikie kwa Mama mwenyewe, maana likitoka kwangu ataliita malalamiko.

Mama akanitazama, akamtazama mwanawe, akasema, "Ibtisam alimwaga sabuni, hakufuta."

Nikamwambia Faris hapakuwa na sabuni, arowanishe miguu aende akasimame pale aone. Hata hakugeuka. Alisema kazi imenishinda, na kama siwezi kufuta sakafu basi siwezi kuachiwa mama mgonjwa. Akipata nafuu kidogo tu atamchukua Riyadh.

Hapo ndipo Mama alipoelewa alichokifanya. Nilimwona usoni. Alitaka kumsitiri mwanawe asiaibike, hakujua kwamba kwa kunibebesha mimi kosa la vigae anajitoa nyumbani kwake kwa mdomo wake mwenyewe. Macho yalimjaa maji.

"Mama, mwambie kweli," nikasema. "Mwambie sasa hivi."

"Nimwambie nini tena?" Mama akasema. "Mwanangu hakukosea."

Faris akambusu kichwani. Kisha akanigeukia mimi, akaniambia nisihuzunike, nyumba haitauzwa. Tutaipangisha, na kwa kibaraza kile hatutakosa mpangaji wa maana. Mimi nitakaa wapi, hakuniuliza mtu.

Mama alijifuta macho kwa pembe ya shuka. Akaniomba nianze kumkunjia mabuibui yake, na akasisitiza nianze na lile jipya, alilonunuliwa na Faris.