Hita Aliyoichora Mama Mkubwa

Asubuhi hiyo mchoraji wa michoro ya umeme alikuwa anatafuta alama ya hita. Alifungua maktaba ya alama kwenye kompyuta, akaandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, na programu ikamletea hita za kila aina: za bure kutoka mtandaoni, za viwanda vya vipuri, na chini kabisa, moja iliyochorwa na mama mkubwa wake. Hakujisumbua na zile za juu. Aliikokota ya chini mpaka katikati ya mchoro, akaiachia, na kioo cha kompyuta kikaanza kupata joto. Akasogeza kikombe chake cha chai karibu nacho.

Ofisi nzima ilijua kwamba alama za mama mkubwa zinafanya kazi. Feni yake ukiiweka kwenye mchoro ilipeperusha karatasi za jirani, ndiyo maana jirani alizikandamiza kwa jiwe. Kengele yake haikuguswa tena wakati wa kikao tangu siku ilipomkatisha mhasibu maneno, ingawa wapo walioona kwamba ilichelewa. Taa ya dari ilipoungua, hakuna aliyeita fundi. Mchoraji alipanga taa za mama mkubwa kwenye ukurasa mtupu, na watu wakaendelea na kazi zao.

Alama za mtandaoni hazikuwa na ubaya. Mistari yake ilinyooka, ncha za kuungia nyaya zilikuwa mahali pake. Zilikaa tu.

Mama mkubwa, enzi zake za kazi, hakuchora kitu ambacho hajakishika. Kabla ya kuchora mota alishuka karakana, akaweka kiganja juu ya mota inayozunguka, akasimama hapo mpaka mafundi wakamtania kwamba ameenda kuiposa. Rezista, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme, alitembea nazo mfukoni, akizipapasa hata akiwa jikoni. Hita ilimwachia kovu kidoleni. Ndipo aliporudi kwenye kiti chake, akachora vistari vichache, akafuta kimoja, akasema, "Sasa." Mchoraji alijifunzia kazi pembeni ya kiti hicho, na mpaka leo, kila alipoiona hita ile na vistari vyake vichache, alijaa fahari asijue aiweke wapi.

Mchoro wa siku hiyo ulikuwa wa mashine ya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hospitali ilijua kwamba mashine yenyewe itachukua muda kutengenezwa, ikaomba ipelekewe mchoro kwanza, waubandike wodini kwa kuanzia.

Alipomaliza, programu, ambayo ilikuwa toleo jipya, ilikusanya yenyewe majina ya waliochora alama na kuyaandika kwenye kona ya chini. Likatokea jina moja tu, jina kamili la mama mkubwa. Miaka yote michoro ya ofisi ile ilitoka na jina la mhandisi mkuu peke yake. Mchoraji alilitazama jina lile, akalisoma tena. Macho ya mama mkubwa yalikuwa yanafifia, na daktari hakuficha kwamba hayatarudi. Mchoraji alitaka mama mkubwa alione jina lake angali anaona.

Mhandisi mkuu aliitwa Kalamu, kwa sababu kalamu ya kusainia haikumtoka mfukoni mwa shati. Alikuwa mtu wa adabu, asiyepita meza ya mtu bila kuulizia nyumbani. Aliinamia skrini.

"Kazi safi," alisema. "Ila huyu hapa kwenye kona?"

"Ni mama mkubwa, bosi. Alama zote ni zake."

"Namjua sana, ndiye aliyenipokea hapa. Hajambo?"

"Hajambo, bosi. Ni macho tu."

"Mpe pole. Msalimie mno." Akalifuta jina.

Taa zote za mchoro zikazimika. Feni ikasimama, hita ikapoa, na chai ikaacha kutoa mvuke. Kalamu akalirudisha jina, vikawaka. Akalifuta tena, vikazimika. Alilirudisha, akajikuna kidevu.

"Mteja amezoea jina moja," alisema. "Tukianza kuyapanga, kona itajaa."

"Ni moja tu limeongezeka, bosi. Na nafasi ipo."

Kalamu aliitazama nafasi. Ilikuwepo.

"Basi liache," alisema kwa upole. "Lakini lipake rangi nyeupe."

Mchoraji alilipaka. Ilimuuma sana, kwa sababu mkono ulikuwa wake. Hita haikujali rangi, iliendelea kuwaka. Kalamu akashukuru, akaandika jina lake mwenyewe hapo kwa rangi nyeusi.

Zilichapwa nakala mbili. Moja ilikwenda hospitalini, nyingine mchoraji aliikunja akaenda nayo nyumbani. Mama mkubwa aliitandaza mezani, akapitisha viganja juu yake mpaka vikatulia.

"Hita yangu hii."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Na jina wameliweka?"

"Wameliweka."

"Rangi gani?"

Mchoraji alikuwa ameshaandaa uongo tangu njiani, akauacha. "Nyeupe," alisema.

Mama mkubwa alivaa miwani, akainamia kona ya karatasi, akalitafuta jina asilione. Kisha akaivua, akaikunja vizuri.

"Kumbe siyo macho," alisema.

Aliomba birika, wakaliweka juu ya hita, wakangoja chai ichemke. Kule hospitalini wauguzi walikuwa wameshabandika nakala yao ukutani na kusogeza vitanda vidogo karibu nayo. Mmoja wao alisoma kwa sauti jina lililokuwa kwenye kona, akasema bwana huyu Mungu ambariki.